Mgeni Mpe Jembe

Tuko na ndugu kutoka Kongo na Sudan Kusini hapa Ruiru na Thika. Jumapili tunawaambia karibu. Jumatatu tunawaacha peke yao.

Katika Yeremia 29, Mungu anawaagiza waliohamishiwa Babeli wajenge, wapande, wauombee mji amani. Lakini apandaye anahitaji jembe, na wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Jembe la leo naona ni laini ya simu. Bila hati hasajili laini. Bila laini hana M-Pesa. Bila M-Pesa, kodi na tokeni za stima ni shida.

Wiki hii naomba kila mmoja amsindikize mgeni mmoja ofisini, ampeleke sokoni, amwambie bei ya kweli. Mimi naanza kesho. Amina.