Mguu Mtupu kwa Hiari

Viatu vyangu vina vidole. Kila kidole cha mguu kina nyumba yake, kama glavu, na soli ni nyembamba kiasi kwamba ukikanyaga kokoto unaujua ukubwa wake. Nilivikuta kwenye rundo la caguwa sokoni Gitega, na muuzaji akaniachia kwa bei ya ndala kwa sababu hakujua nani angevitaka. Mimi nilijua. Nilikuwa nimesoma kwamba vilibuniwa na Mwitaliano Robert Fliri, vikatengenezwa na Vibram, kampuni maarufu kwa soli za viatu vya kupandia milima, na kwamba Ulaya na Marekani watu huvivaa kazini, matembezini na mlimani ili wahisi kama wanatembea pekupeku.

Nilivivaa siku ya kwenda kwetu Bugendana. (Kwa sikio la Kirundi, jina hilo la tarafa linakaribia kabisa kusema "kutembea na mwenzako".) Nilishuka bonde la viazi vitamu, nikapanda kilima cha migomba, na sijawahi kupanda kwa raha kama siku ile. Watoto walinifuata wakicheka. Bibi hakucheka. Nilimweleza viatu ni vya nini na vikiwa vipya vinauzwa ghali kiasi gani huko vilikotoka. Aliitazama miguu yangu, kisha akauliza: "Mwanangu, kwa hiyo kuna watu wanaotoa fedha ili wawe kama mimi?"

Bibi amelima pekupeku maisha yake yote. Miguu yake ilianza kuvimba kabla sijazaliwa. Majirani walisema amelogwa, wengine wakasema ni ugonjwa wa ukoo wetu, na kanisani watu walizoea kumwachia benchi la nyuma peke yake. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja alitueleza kwamba ni podokoniosi, aina ya matende isiyoletwa na mbu wala minyoo. Chembe ndogo sana za udongo mwekundu hupenya ngozi ya mtu anayetembea bila viatu mwaka hadi mwaka, mpaka mishipa inayochuja maji ya mwili inaziba. Haiambukizi. Daktari Mwingereza Ernest Price aliichunguza kwa miaka mingi Ethiopia, na inajulikana pia Kameruni, Rwanda na hapa Burundi. Kwa maneno mengine, benchi lile lilikuwa tupu bure.

Je, viatu vyangu vinamdhihaki? Jibu la kwanza nililojipa lilitoka vitabuni. Rousseau alitaka mtoto wake wa kubuni, Émile, akimbie pekupeku mwaka mzima. Sokrate alikanyaga barafu bila viatu vitani Potidaia. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma mwaka 1960 miguu mitupu. Basi mguu mtupu una heshima yake! Lakini ukisoma vizuri, Sokrate huyo huyo alivaa kandambili alipoalikwa karamuni kwa Agathon, na Bikila aliposhinda tena Tokyo mwaka 1964 alikuwa na viatu na soksi. Wote walikuwa na uwezo wa kuvaa. Amartya Sen ameliweka jambo hili vizuri kwa mfano wa njaa: anayefunga na anayekosa chakula wote wana matumbo matupu, ila mmoja angeweza kula. Mimi nafunga. Bibi alikosa.

Kwa siku kadhaa jibu hilo lilinitosha, kisha likaanza kunikera. Sen ananieleza kwa nini hali yangu na ya Bibi si moja ingawa kwa macho zinafanana. Hanipi ruhusa ya kuishia hapo. Nikisema "mimi nimechagua", nimejiondolea shutuma ya dhihaka, lakini deni liko palepale. Tena uchaguzi wenyewe nilikuwa nimeupaka rangi. Nilikuwa nawaambia wenzangu chuoni kwamba narudi kwenye asili. Asili gani? Soli yangu ya milimita chache ndiyo hasa kitu ambacho Bibi alikikosa miaka sitini. Asili yenyewe, pamoja na udongo wake, ndiyo iliyomvimbisha. Hata nchini Marekani, Vibram walishtakiwa kwa kutangaza faida za afya zisizo na ushahidi wa kutosha, na mwaka 2014 wakakubali kutenga dola milioni 3.75 kuimaliza kesi, bila kukiri kosa. Sidai kwamba kiatu ni kibaya. Nakipenda. Kosa langu lilikuwa kukiita unyenyekevu.

Sasa nifike kwenye beseni, maana ndiko swali lilikonibana. Tusifichane: viatu hivi vinanuka. Jasho linakaa katika kila kidole, kwa hiyo lazima uvioshe kwa maji na sabuni kidogo, upitishe kidole chako ndani ya kila nyumba, kisha uvianike kivulini, kwani joto kali huharibu gundi. Nilikuwa nafanya hivyo kila Jumamosi nikiwa kwetu. Muuguzi naye alikuwa amemwagiza Bibi hivi: aoshe miguu kila siku kwa maji na sabuni, akaushe vizuri katikati ya vidole, apake mafuta, ainue miguu akiketi, na avae viatu vipana vilivyofunikwa. Ni kazi ileile. Jumamosi moja nilichota maji kisimani, nikaosha vidole kumi vya mpira kwa uangalifu mkubwa, na nilipoinuka nikamwona Bibi kaketi mlangoni akisubiri beseni. Hakunung'unika. Alisema tu nisiyamwage yaliyobaki.

Tangu siku hiyo, nikiwa nyumbani, zamu ya kwanza ni ya miguu yake, na mimi ndiye ninayeiosha. Vyangu bado navivaa. Vya kwake havikupatikana sokoni, kwani hakuna namba inayomwingia, wala vidole vyake visingeingia katika vyumba kama vya kwangu. Fundi viatu wa pale senta aliupima kila mguu kwa uzi, kwa sababu hailingani, akakata soli ya tairi na turubai ya juu. Bei aliyotaja ni mara tatu ya niliyolipa Gitega. Kiatu cha kushoto kimekwisha, Bibi ameshakijaribu uani. Cha kulia fundi anasubiri nimalize kulipa.