Mgonjwa wa Saratani na Orodha Yake

Suali lililoletwa mbele ya darasa letu ni hili: mtu akishaambiwa na daktari kuwa ana saratani, je, yafaa aketi na kalamu na karatasi, aandike mambo anayotaka kuyafanya kabla ya kufa kwake? Au huko ni kukata tamaa na rehema ya Mola, na kuyaita mauti kabla ya wakati wake?

Wako waliojibu upesi kwamba hii ni desturi ya wageni na tuiwache huko huko. Ni kweli kwamba jambo hili limevuma duniani kwa sababu ya filamu ya Kimarekani iliyotoka mwaka 2007, iitwayo The Bucket List, yenye khabari ya wazee wawili wagonjwa wa saratani waliokutana hospitali, wakaandika matamanio yao, kisha wakatoka kuizunguka dunia kwa mali ya mmoja wao aliyekuwa tajiri mkubwa. Walakini desturi haihukumiwi kwa mji ilikotoka. Hutazamwa kilichomo ndani yake. Nasi tukitazama twaona kuwa kuandika kabla ya kufa ni jambo letu tangu zamani. Mtume wetu (s.a.w.) amefundisha kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia asilale masiku mawili illa wasia wake umeandikwa. Wala hakusema mgonjwa. Amesema Muislamu, naye huenda akawa kijana mwenye afya yake.

Basi khitilafu iko wapi? Iko katika suali ambalo mwandishi ajiuliza anapoishika kalamu. Mwenye orodha ya kigeni ajiuliza: ni kipi nilichokitaka duniani nisikipate? Mwenye wasia ajiuliza: ni kipi cha watu kilichoko kwangu? Masuali yote mawili yana haki ya kuulizwa, lakini hayawi sawa kwa daraja, na anayeanza na la kwanza huenda asifike la pili.

Tusidhani kuwa maneno haya ni ya matajiri wa ng'ambo. Kwa hisabu ya shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, mwaka 2022 katika Kenya peke yake walipatikana wagonjwa wapya zaidi ya 44,000, na waliokufa kwa maradhi hayo walizidi 29,000. Tumfikirie basi mtu wa Garsen, mwenye shamba lake la migomba na mpunga kando ya mto Tana, au mwenye ng'ombe wake wanaoshuka deltani wakati wa kiangazi. Chakula chaanza kumkwama kooni. Anywa dawa za miti, anywa dawa za dukani, miezi yapita. Mwisho apelekwa Malindi, na kutoka Malindi apelekwa Mombasa, na huko ndiko jina la ugonjwa litajwako. Tangu siku hiyo maisha yake huhisabiwa kwa safari: kwenda kutiwa dawa za mshipa, kurudi, kupumzika wiki chache, kwenda tena. Mto ukifurika, kama ulivyofurika mwaka 2023 na tena 2024, barabara hukatika na miadi ya hospitali hupita. Mtu huyu hana mapiramidi katika orodha yake. Huenda akataka kuuona mto unapoingia baharini Kipini, alikopita utotoni na baba yake. Huenda akataka kumwona mwanawe wa mwisho akikhitimu Kur'ani. Huenda akataka samaki wa nazi aliopikiwa na mamake, angalau auonje mchuzi. Ni nani atakayethubutu kumwambia kuwa hayo ni upuuzi? Sisi hatuthubutu. Matamanio ya halali ni neema, na mwenye kumtimizia mgonjwa tamanio lake amefanya wema.

Lakini orodha haiandikwi na mtu asiyejua kuwa anaumwa na nini, na hapa ndipo yatupasa kusema neno zito kwa ndugu zetu wa miji ya pwani. Tumezoea kumficha mgonjwa. Daktari huitwa pembeni na mtoto mkubwa, akaombwa asiseme. Mgonjwa huambiwa ana vidonda vya tumbo. Nyumba nzima hujua, na majirani hujua, hata muuza maziwa hujua, illa yeye. Twafanya hivyo kwa huruma, hilo hatulikanushi. Lakini huruma hii yamnyang'anya mtu miezi yake. Yeye yuko kitandani akingoja kupona vidonda ili akalipe deni la fulani, ili akapatane na ndugu yake, kumbe wakati wa kufanya hayo ni huu na wapita. Siku ya kuambiwa ulimi hauwezi tena. Mwenye haki ya kwanza juu ya khabari ya mwili ni mwenye mwili. Aambiwe kwa upole, na mtu anayempenda, kwa kiasi anachotaka kujua; na akisema hataki kusikia, hilo pia ni haki yake. Kumdanganya anayeuliza ni jambo jingine kabisa.

Watasema: mkimwambia, mtamuua kabla ya siku yake. Twawajibu kwa khabari ya Saad bin Abi Waqqas (r.a.). Katika Hija ya Kuaga aliugua Makka maradhi makali akaona kuwa yu karibu kufa. Alikuwa na mali, na hakuwa na mrithi illa binti mmoja. Akamuuliza Mtume kama atoe mali yake nyingi sadaka. Akakatazwa, akaomba nusu, akakatazwa, akaomba thuluthi, akaruhusiwa, na akaambiwa kuwa hata hiyo ni nyingi, na kwamba kuwawacha warithi na kitu ni bora kuliko kuwawacha wakinyosha mikono kwa watu. Saad aliyasema mauti kwa kinywa chake na kuyapangia hisabu. Kisha akapona! Akaishi zaidi ya miaka arobaini baada yake, akapata watoto wengine, akaliongoza jeshi la Qadisiyya, na mji wa Kufa ukajengwa chini ya amri yake. Kupanga hakukumuua. Na fikirini hali ya nyumba yake lau siku ile angaliachiwa kugawa kila kitu kwa kudhani kuwa kesho haiko. Saratani nazo hazilingani. Ziko zinazopona zikiwahiwa mapema, na mgonjwa aliyeuza kila alichonacho ili atimize orodha huenda akaamka mzima hana pa kulala.

Suala la mali ndilo lenye mashaka makubwa, na hatuoni kuwa laweza kupitwa kwa maneno matamu. Wanazuoni wetu wamesema kuwa zawadi azitoazo mtu katika maradhi ya kufa huhisabiwa kama wasia, hazipiti thuluthi, wala mrithi hausiwi illa wenziwe waridhie. Anachokula mwenyewe na anachojitibia ni chake. Lakini baina ya haki na wema pana nafasi. Mgonjwa akitaka kuuza shamba la mtoni aende Umra, nasi twajua kwamba ana deni dukani na watoto wadogo watatu, twamwambiaje? Twamwambia kuwa deni ni la kwanza. Hija yenyewe haikuwajibishwa illa kwa mwenye uwezo, sembuse Umra ya kuuzia shamba la watoto. Tamanio likiwa la ibada halipati rukhsa ya kula haki ya mtu. Kadhalika wale wanaoandika katika orodha zao kwamba wachinjiwe ng'ombe kadha siku ya tatu na siku ya arubaini: wajue kuwa wanawakaribisha wageni kwa chakula cha mayatima. Hili tumelisema mara nyingi na tutazidi kulisema.

Liko jambo moja ambalo halina bei, na khasa kwa watu wa Tana ni zito kuliko mali. Baina ya Agosti 2012 na Januari 2013 Wapokomo na Waorma waliuana kwa ajili ya maji na malisho, wakafa watu zaidi ya 100, wanawake na watoto wamo. Waliobaki wangali wanakutana katika soko lile lile la Garsen. Wako wanaosalimiana kwa mdomo, na nyoyoni wamebeba jina la mtu. Mgonjwa aliye na jina kama hilo, la aliyemdhulumu au aliyedhulumiwa naye, na aliweke juu ya orodha yake. Amtume mtu, au abebwe mwenyewe hadi kwa mwenziwe akiwa bado aweza kusema. Pengine atafukuzwa, atakuwa amekwenda. Na aliyeendewa na mgonjwa wa namna hii ajue kuwa aliyeko mlangoni hana safari ya pili.

Na miembe? Mwenzetu mmoja aliuliza kwa mzaha kama mtu wa saratani yafaa apande mwembe, maana mwembe wa mbegu hukaa miaka mitano, sita au zaidi kabla ya kuzaa. Tumepokea kutoka kwa Mtume kuwa mtu mwenye mche mkononi, hata Kiyama kikisimama, akiweza kuupanda na aupande. Basi aupande, kwenye ardhi ya juu mafuriko yasikofika, na aseme mbele ya watu kuwa ni wa nani.

Karatasi yenyewe iandikwe kwa lugha aijuayo mgonjwa, madeni na amana kwanza, kila jina na kiasi chake, kisha matamanio yake chini. Wawepo mashahidi wawili waadilifu wasio warithi. Nakala moja akae nayo mkewe, wala isifungiwe ndani ya sanduku ambalo ufunguo wake anao mgonjwa peke yake.