Mana ya Siku ya Sita

JUMATANO

Soma Kutoka 5:4–9 na Kutoka 16:4–30. Farao aliwalaumu Musa na Haruni kwa kosa gani? Waliotoka kwenda kuokota siku ya saba walikuta nini?

Waisraeli walikuwa hawajafika Sinai, wala Amri Kumi hazijanenwa, pumziko lao lilipoanza kugombaniwa. Farao alimlaumu Musa kwamba anawapumzisha watu ili waiache mizigo yao, na neno la Kiebrania lililotumika hapo latokana na mzizi uleule wa neno Sabato. Siku hiyohiyo ikatoka amri mpya: watu wasipewe tena majani ya kufyatulia matofali, wakayatafute wenyewe, na hesabu ya matofali isipungue. Machoni pa Farao, anayeomba nafasi ya kumwabudu Mungu ni mvivu tu, na dawa yake ni kuongezewa kazi.

Watu hao walitoka Misri kwa usiku mmoja. Misri yenyewe haikuwatoka upesi hivyo. Kwa hiyo Mungu aliwafundisha kupumzika kwa njia ya chakula, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulipuuza. Kila siku pishi moja kwa kila mtu, kama lita 2 hivi. Iliyolazwa mpaka asubuhi ilioza na kuingia mabuu. Siku ya sita pishi mbili, nayo ililala bila kuharibika. Mana iliendelea miaka 40, yaani Sabato zaidi ya 2,000, na kila Ijumaa jioni familia iliangalia chombo chake na kuamua kama itaamini au haitaamini.

Wapo waliotoka siku ya saba. Maandiko hayasemi kwamba walikuwa na njaa. Aya ya 22 yaeleza kwamba watu walikuwa wameokota sehemu maradufu. Yaelekea walitoka wakiwa na chakula hemani. Mtumwa aliyezoea kuhesabiwa matofali huona hatari katika kukaa tu, hata akiwa ameshiba. Huenda hili ndilo linalowasumbua wengi leo kuliko umaskini wenyewe: mkono umetulia Sabato asubuhi, lakini moyo uko dukani, unapiga hesabu ya marejesho ya mkopo wa Jumatatu.

Hata hivyo, mwanafunzi wa Biblia asilichukulie jambo hili kirahisi. Fikiria mama anayeuza nyanya na dagaa mahali ambapo gulio ni Jumamosi. Siku hiyo moja huenda ikamwingizia kuliko siku nyingine zote za juma zikijumlishwa. Baada ya kubatizwa anafunga meza Ijumaa kabla ya jua kuchwa, na ada ya mtoto bado inadaiwa. Wako wahubiri wanaomwahidi kwamba mauzo ya Ijumaa yataongezeka maradufu kama mana. Kutoka 16 haisemi hivyo. Mungu aliahidi chakula, si faida, na kwa mama huyu Sabato ina gharama ambayo mtumishi wa serikali, anayepumzika Jumamosi kwa ratiba ya kazi, haijui kabisa.

Je, amwachie Mungu peke yake? Soma Kutoka 16:18. Walipopima, aliyeokota vingi hakuzidiwa, na aliyeokota vichache hakupungukiwa. Paulo aliichukua aya hiyohiyo katika 2 Wakorintho 8:13–15 alipowaandikia Wakorintho juu ya changizo kwa ajili ya watakatifu waliokuwa na uhitaji. Jangwani usawa uliletwa na kipimo cha Mungu. Kanisani Paulo anautafuta kwa mikono ya ndugu. Kanisa linalomfundisha mama huyu kuitunza Sabato, kisha lisimwulize Jumapili kama ana unga, limemfundisha nusu ya sura.

Linganisha pia Kumbukumbu la Torati 5:14, 15. Hapa sababu ya Sabato ni kwamba Israeli alikuwa mtumwa, na mjakazi ametajwa waziwazi ili naye apumzike kama bwana wake. Kuna nyumba za waumini ambako wote wamevaa vizuri na kukaa darasani mapema, isipokuwa binti wa kazi, aliyebaki na vyombo na wali wa wageni. Maandalio yangefanyika Ijumaa kweli, naye angekuwepo.

Yesu alipowaita waliolemewa (Mathayo 11:28–30), hakuahidi kuwaondolea nira zote. Aliwapa ya kwake. Mara baada ya mwito huo, Mathayo 12 inamwonyesha Sabato akiwatetea wanafunzi wake wenye njaa na kumponya mtu aliyepooza mkono. Ukisoma sura hizo mbili pamoja, bila kusimama palipogawanywa, utaona pumziko alilokuwa akilinena.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni jambo gani ambalo unaendelea kulihesabu moyoni saa za Sabato? Lingeweza kukamilishwa, au kukabidhiwa kwa Mungu, Ijumaa?

2. Katika darasa lenu, ni nani anayepoteza kipato kwa sababu ya Sabato? Kama hamumjui, mtamjuaje?

3. Nani nyumbani mwako hapumziki siku ya Sabato ili wengine wapumzike? Ni kazi gani utakayoichukua mikononi mwako Ijumaa hii?