Walitoka Kwenda Kumlaki

Andiko: Matendo 28:11-15, Warumi 1:11-12



Jumapili hii tulimwangalia Paulo akiwa njiani kwenda Rumi. Ni mfungwa, meli imemvunjikia, askari anamlinda. Huyu ndiye aliyemkung'uta nyoka motoni kule Malta bila kudhurika. Tungedhani mtu wa imani kama hiyo hahitaji kutiwa moyo na mwanadamu. Lakini ndugu wa Rumi waliposikia habari zake, walitoka kumlaki. Wengine walifika mpaka Soko la Apio, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini. Na hapakuwa na matatu! Paulo alipowaona, alimshukuru Mungu na moyo wake ukapata nguvu.

Angalia vizuri. Luka hasemi walibeba nini. Anasema Paulo aliwaona, basi. Mwambie jirani yako: kuonekana kwako ni huduma.

Wagonjwa wawili, punda mmoja

Mlima wetu huu, mmishenari Johann Ludwig Krapf aliuona kwa mbali kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849. Hilo tulilisoma shuleni. Ambalo wengi hatukusoma ni kwamba alifika Mombasa mwaka wa 1844 na mkewe Rosine, na mwaka huo huo akamzika mkewe pamoja na mtoto wao mchanga. Akabaki peke yake, mbali na kwao Ujerumani.

Mwaka wa 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann. Walipopanda kwenda Rabai kuanzisha kituo, wote wawili walikuwa na homa, na punda alikuwa mmoja. Wakapokezana kumpanda. Wapendwa, huo ndio ushirika! Na Rebmann aliporudi Ujerumani mwaka wa 1875 akiwa kipofu, alikwenda kukaa Korntal, mji mdogo alioishi Krapf. Huko ndiko alikofia mwaka uliofuata, karibu na rafiki yake.

Lililonichoma mimi

Kuna ndugu tuliyemwekea mikono hapa madhabahuni, tukamtuma na mkewe Sudan Kusini. Ameniruhusu niseme haya. Alipokuja likizo nilimwuliza, "Pesa zinafika?" Akajibu, "Zinafika, pasta. Kila mwezi." Akanyamaza kidogo. "Lakini mke wangu alipopoteza mimba, hakuna mtu wa nyumbani aliyetupigia simu."

Mimi nilijua. Nilisema nitapiga kesho. Kesho ikawa miezi. Nilimwomba msamaha, na leo natubu mbele yenu.

Nikamwuliza, sasa ulisimamaje? Akaniambia kila Alhamisi jioni wanakutana na mwalimu Mganda, Mwanglikana, na muuguzi Mkristo kutoka Kongo. Hakuna anayehubiri. Wanakunywa chai, kila mmoja anasema ukweli wa juma lake, kisha wanaombeana. "Usiku ule wale ndio waliokuja kuketi na sisi mpaka asubuhi. Hawakuwa na maneno mengi."

Mungu alikuwa na watu wake wa Soko la Apio. Sisi tulikuwa tumelala.

Tufanye nini?

1. Kila kikundi cha nyumbani kichukue mtumishi mmoja aliye nje, kimpigie simu wiki hii. Usianze na "kazi inaendeleaje?" Anza na "mnalala? mnakula? mko salama?" Tusiwasahau watoto wetu walioenda kazi Qatar na Saudia. Wengine wao wanamshuhudia Yesu jikoni kwa watu, peke yao.

2. Kama wewe ndiye uliye ugenini, tafuta wawili au watatu wa kuomba nao. Usingoje mpaka upate wa kanisa lako.

3. Usiogope kwamba huna la kumwambia mmishenari. Paulo mwenyewe aliwaandikia Warumi kwamba imani yao itamtia moyo yeye, kama yake itakavyowatia moyo wao.

Kutoa tutaendelea kutoa. Lakini bahasha haiwezi kuketi na mtu usiku kucha.

Tuombe: Bwana, utusamehe kwa simu ambazo hatukupiga. Watie nguvu watumishi wako walio mbali, na ututoe nyumbani twende tuwalaki. Katika jina la Yesu, amina.