Amana ya Panya wa Maabara



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi, nyumbani kwetu Nakivale panya ni mwizi wa mahindi, akionekana hupigwa. Huku Mbarara nimemkuta kwenye meza ya maabara, akinifundisha.

Mwanzoni mwa utumbo mpana wa panya kuna mfuko mkubwa uitwao sekamu, na ndani yake wamejaa bakteria wasiohesabika. Panya peke yake hawezi kumeng'enya nyuzinyuzi za chakula. Bakteria hao humvunjia, wakatoa asidi za mafuta zinazolisha ukuta wa utumbo, pamoja na vitamini K na baadhi ya vitamini B. Kwa kuwa vitamini hizo hutengenezwa chakula kikishapita utumbo mwembamba, panya hula sehemu ya kinyesi chake ili asizikose. Tunachokiona uchafu, kwake ni riziki. Subhanallah! Lakini wengi wa bakteria hao wakikutana na hewa, hufa.

Hapo ndipo nilipoteleza. Muhula uliopita nilitakiwa niifunge sekamu kwa uzi pande zote mbili, kisha nichukue sampuli upesi. Niliharakisha mkasi, mfuko ukapasuka, sampuli ikakaa hewani. Siku mbili baadaye sahani zetu zilikuwa karibu tupu. Mwenzangu akaninong'oneza: "Dada, chukua hesabu za kundi la jirani, ubadilishe kidogo. Nani atajua?" Ufadhili wangu unategemea alama. Nikaandika.

Usiku ule, chumbani kwangu Biharwe, usingizi ulinipaa. Nilikumbuka hadithi aliyoipokea An-Nasai, kwamba hata shomoro akiuawa bila haki, aliyemuua ataulizwa na Allah. Nikajiuliza: haki ya panya yule ilikuwa ipi? Aliuawa ili elimu ipatikane. Nikiandika uongo, elimu haikupatikana. Basi nilimuua kwa ajili ya nini?

Na lile swali la "nani atajua" halikuniacha. Bakteria wale hatuwaoni kwa macho, lakini panya anaishi kwa kazi yao. Hapa Biharwe bado tunasimuliwa kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520: jua halikuondoka, lilizibwa tu. Kitu kufichika kwetu si kutokuwepo, wala hakifichiki kwa Mola wetu.

Baada ya swala ya Alfajiri nilikwenda kwa mwalimu nikamweleza yote. Alama zilikatwa. Habari za ufadhili bado nazisubiri, na sitawaficha kwamba naogopa.

Ndugu yangu unayesomea udaktari, uuguzi au famasia, dawa nyingi hujaribiwa kwa panya kabla hazijamfikia mtoto anayeharisha kule Nakivale. Mama yake hataiona daftari yako, atakuamini tu. Kwa hiyo mfanyie panya wema, usimtese, usimuue bila haja. Ukikosea, andika kuwa umekosea. Sahani tupu iliyoandikwa kwa ukweli ni elimu pia, na kifo cha mnyama yule hakitakuwa bure.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe waaminifu pale tusipoonekana. Amin.

Wabillahi tawfiq.