Chombo Kisichoonekana

Mnamo mwaka 1991, Mark Weiser, mwanasayansi wa maabara ya Xerox PARC huko Palo Alto, California, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba kompyuta itafikia ukamilifu wake siku itakapotoweka machoni. Haitakaa tena mezani ikidai kutazamwa, bali itaingia ukutani, mlangoni na katika vyombo vya kila siku, imtumikie mtu bila ya yeye kuiwaza. Mfano wake ulikuwa maandishi: ajuaye kusoma haoni wino, huona maana.

Mfano huo ni mzuri, ila umebeba swali zito la maadili. Kuna chombo kinachotoweka kwa kuzoewa, kama kalamu kwa mwandishi au usukani kwa nahodha. Aliyekizoea alijifunza kwa hiari yake, na akitaka kukitazama atakiona. Na kuna chombo kinachotoweka kwa kufichwa, kama jicho la kamera lililopachikwa darini. Anayetazamwa hakujifunza kitu, wala hakuulizwa. Kwa kile cha kwanza mtu ni bwana. Kwa hiki cha pili, usilolijua ni usiku wa giza.

Weiser, aliyefariki mwaka 1999, hakuwa kipofu wa jambo hili. Katika makala hayo hayo alionya kwamba mamia ya kompyuta chumbani, zote zikihisi watu waliopo na kuunganishwa pamoja, zingeweza kuwa silaha ya udhalimu usiopata kuonekana.

Katika maabara hiyo hiyo, msanii Natalie Jeremijenko alitundika darini kamba ya plastiki na kuifunga kwenye mota iliyounganishwa na waya wa mtandao wa ofisi. Habari zilipopita kwa wingi, kamba ilizunguka kwa vishindo. Zilipopungua, ilitikisika kidogo tu. Hakuna aliyelazimika kuitazama, lakini kila mpitaji aliweza kujua.

Hata mita ya umeme wa kulipia kabla, inayolishwa tarakimu 20 katika nyumba nyingi za mwambao, ina kompyuta ndogo tumboni. Nayo huonyesha hesabu yake, na mwenye nyumba huisoma.

Basi kosa halimo katika utulivu wa chombo. Binadamu anastahili kupumzishwa macho, lakini pumziko hilo haliondoi haki yake ya kujua. Chombo chema si lazima kionekane kila saa. Yatosha kwamba kikiulizwa, kitajibu kipo wapi, kinahesabu nini na kinamhesabia nani.