Zaka, Wakfu na Msomi wa Sayansi

Ndugu zetu wa Malindi, Mambrui, Takaungu na Kilifi, twakuleteeni mas-ala yaliyotushughulisha darasani kwa majuma matatu, na hata tuandikapo haya bado wenzetu wengine hawajaridhika.

Kijana mmoja aliyehitimu Qur'ani mikononi mwetu, kisha akasoma elimu ya maji na ardhi, amekubaliwa chuoni kusomea shahada ya uzamivu, ile impayo mtu jina la Daktari ingawa hatibu mgonjwa. Ataka kuuchunguza udongo uletwao na mto Sabaki. Ni nani Malindi asiyeijua khabari hii? Mvua zikinyesha bara, bahari yetu hugeuka rangi ya matofali, na mchanga umezidi kujaa mbele ya mji. Na kando ya mto huo huo, Baricho, ndiko yatekwako maji tunywayo Malindi na Kilifi, na hata Mombasa. Basi kazi ya kijana huyu si anasa. Walakini hana karo, wala hana chakula cha miaka minne, na mamake ni mjane auzaye mahamri. Akatujia akauliza: je, yafaa asaidiwe kwa zaka?

Wazee wetu wawili wakajibu kuwa haifai. Zaka, wakasema, ni ya mafakiri. Mwenye shahada mbili na aende akatafute kazi. Wazee hawa twawaheshimu, na neno lao lina asili. Imam Nawawi, naye ni nguzo ya madhehebu yetu, ameeleza katika Al-Majmuu kwamba mtu awezaye kuchuma, lakini ameshughulika na elimu ya sharia hata lau angechuma angekatika nayo, huyo zaka ni halali kwake. Neno lake limesimama kwenye elimu ya sharia, halikuvuka. Ni wanazuoni wa zama za karibu, kama Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika kitabu chake cha fiqhi ya zaka, walioipanua hukumu hiyo ikamuingiza kila aliyejitenga kwa elimu yenye manufaa kwa watu. Sisi twaelemea kauli hii, kwa sharti mwenye kupewa awe muhitaji kweli na awe ameonyesha kipawa. Anayeishika kauli ya kwanza hatumlaumu.

Lakini asije mtu akatwambia kuwa elimu ya maji si katika dini. Imam Ghazali katika Ihyaa ameihesabu tiba na hisabu kuwa ni fardhi kifaya, na akawalaumu watu wa zama zake: mji hauna tabibu ila asiyekuwa Muislamu, nao wamesongamana katika kubishania masuala ya khitilafu ambayo wenye kuyajua wamejaa tele! Ghazali alifariki mwaka 1111. Twaisoma lawama hiyo kana kwamba iliandikwa jana, hapa petu. Naye mwenyewe tangu mwaka 1091 alisomesha Baghdad katika madrasa ya Nidhamiya, aliyoiweka waziri Nidhamul-Mulk juu ya wakfu, mwalimu akipata mshahara na mwanafunzi akipata posho. Wasomi wale hawakuishi kwa hewa.

Hebu na tutazame hapa Kilifi. Palikuwa na mfanyabiashara wa dawa, Henry Wellcome, mzaliwa wa Marekani, wala hakuwa Muislamu. Alipofariki mwaka 1936, wasia wake uliiweka kampuni yake mikononi mwa wadhamini, faida yake itumiwe kuchunguza maradhi na dawa zake. Jambo hilo kwetu twaliita kwa jina gani kama si wakfu? Tangu mwaka 1989 faida ya wasia ule, pamoja na taasisi ya serikali ya KEMRI, yafanya kazi kando ya hospitali ya Kilifi, wakichunguza malaria na maradhi ya watoto wetu. Na vijana wa Kiafrika wamesomeshwa kwa mali hiyo hata wakapata shahada ya uzamivu. Mtu amekufa, mali yake imevuka bahari, yamtibu mtoto wa Kigiriama na wa Kibajuni. Nasi tuliopokea kwa Mtume wetu (s.a.w.) mafundisho ya sadaka yenye kuendelea, tumeweka nini?

Tusijidhulumu, tumeweka. Wazee wetu waliacha mashamba ya minazi, nyumba na visima kwa ajili ya misikiti. Wala hatusemi wakfu wa msikiti ugeuzwe uwe wa chuo, kwani sharti la mwenye kuweka wakfu halivunjwi. Twasema uwekwe mpya. Mwaka jana sisi wenyewe tulisimama tukachangisha zulia la msikiti, na fedha zikatimia kwa Ijumaa mbili. Zulia la zamani halikuwa na tundu hata moja.

Ngomeni nako kuna la kutuumiza. Tangu mwaka 1967 Wataliani walirusha vyombo vya angani kutoka baharini pale, na tarehe 12 Desemba 1970 kikaruka kimoja kilichopewa jina letu, Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi ya chombo hicho, alitunukiwa Nobel mwaka 2002. Sisi tulitoa bahari na jina.

Ama mikopo ya Bodi ya serikali iliyoundwa mwaka 1995, riba yake ya miaka mingi ya 4 kwa 100 imewazuilia mlango wengi wenye kuogopa. Mfano ulio bora twauona kwa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah, iliyoanza mwaka 1983 kuwasaidia wanafunzi wa Kiislamu wa nchi zisizo wanachama, kama yetu: mwanafunzi hupewa qardhi hasan, akishapata kazi hulipa, na malipo hayarudi Jeddah bali huingia katika mfuko wa Waislamu wa nchi yake, wakasomeshwa wengine.

Nasi tumekubaliana kufuata njia hiyo. Kijana atapewa karo kwa qardhi hasan iliyoandikwa na kushuhudiwa, na chakula chake kitatoka katika zaka. Chuo chamtaka ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Masanduku mawili yamewekwa mlangoni mwa darasa, moja la zaka na moja la sadaka, ili kila mtu atoe kwa kauli aliyoridhika nayo. Katika wale wazee wawili, mmoja amekwisha kutia, katika sanduku la sadaka.